Kidonge cha kila siku au sindano ya kila mwezi? Dawa za kipandauso, za rafuni na za frijini

Oktoba iliyopita, saa tatu usiku, ilinijia simu kutoka Dubai. "Shikamoo mama mdogo. Kile kichwa chako bado kinakupanda?" Nikamwambia marahaba, kinapanda, na kikipanda nafunga madirisha, nalowesha kanga naiweka usoni, duka linabaki mikononi mwa msaidizi wangu hadi kesho yake. Yeye naye anacho, tumekirithi kwa bibi. Akaniambia daktari wa huko kamwanzishia sindano ya kila mwezi, bima ya kazini inalipa, na siku za kulala gizani zimepungua sana. "Nikija Desemba nikuletee mbili tatu?"

Mimi ni mfamasia. Duka langu liko Tanga, na kipandauso ninacho tangu kidato cha pili. Mtu angetegemea niseme ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Nikamwomba wiki moja. Wiki hiyo nilichukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto dawa nilizo nazo rafuni, kulia zile za frijini kwake. Naandika hapa kilichotoka, maana swali hilohilo naulizwa dirishani na watu waliosoma kwenye simu kwamba kipandauso "kimepata dawa".

Kwanza, ni kichwa kipi?

Anayeuliza dawa gani bora ya kichwa bado hajauliza kitu. Kipandauso kina tabia zake: kinagonga, mara nyingi upande mmoja, kinakaa saa 4 hadi 72 kisipotibiwa, kinakuja na kichefuchefu, na mwanga na kelele vinageuka adhabu. Ukipanda ngazi kinazidi. Baadhi yetu kabla hakijafika tunaona vimeta vya mwanga vilivyopinda kama meno ya msumeno, kwa dakika kati ya 5 na 60, ndipo maumivu yanafuata. Duniani wanacho watu zaidi ya bilioni 1, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume.

Kuna ndugu yake mkali zaidi, kichwa cha vishada, ambacho nitakirudia mbele kwa sababu dawa zake ni nyingine kabisa.

Na kuna cha tatu, kile kinacholetwa na dawa za kichwa zenyewe. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani na ergotamini, dawa maalumu za kukizima kipandauso, siku 10 au zaidi, miezi ikapita mitatu, kichwa chake huanza kudai dawa kama mwenye duka anayedai deni. Huyo hana haja ya kulinganisha chochote mpaka anachomeza kipunguzwe. Ninao wateja wa namna hii. Wananunua vidonge kila asubuhi kama wanavyonunua vocha, na ukiwauliza wanasema, "Bila hivi siamki."

Kichwa kilichopiga ghafla kama radi, chenye homa na shingo ngumu, chenye kulegeza upande mmoja wa mwili, au kilichoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, hicho si cha dirishani kwangu wala cha makala hii. Ni hospitali, siku hiyohiyo.

Kukizima: za zamani hazijapitwa

Dawa za kipandauso ni kambi mbili, na mabishano mengi hutokana na watu kuzichanganya. Kuna za kukizima kikishafika na kuna za kukizuia kisifike. Sindano ya Dubai ni ya kuzuia. Niliwahi kumsikia mtu akiilaumu kwamba aliichoma kichwa kikiwa kimepanda na haikumsaidia. Ni kama kulaumu chandarua kwa kutotibu malaria.

Tuanze na za kuzima, kwa kipimo kimoja tu: kati ya watu 100 waliomeza, wangapi baada ya saa 2 hawana maumivu kabisa? Wapewe kidonge kisicho na dawa ndani yake, watapona kama 11. Parasetamoli ya miligramu 1,000 inafika 19. Aspirini ya miligramu 1,000 inafika 24, ibuprofeni ya 400 inafika 26. Sumatriptani ya miligramu 50 ni 28, ya miligramu 100 ni 32, na ikichomwa chini ya ngozi, miligramu 6, inaruka hadi 59. Sasa shika kiti: rimegepanti, kidonge cha kizazi kipya kinachoyeyuka ulimini, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2020, katika jaribio lake kubwa kilifika 21, dhidi ya 11 wa kidonge kitupu.

Namba hizi zimetoka kwenye majaribio tofauti, na mfamasia mwenzangu atanikosoa kwamba haifai kuziweka kwenye mstari mmoja. Kweli. Lakini mwaka 2024 watafiti walioongozwa kutoka Oxford walikusanya majaribio 137, washiriki karibu 90,000, wakazilinganisha dawa 17 kwa hesabu inayostahili, na picha ikawa ileile: eletriptani, rizatriptani, sumatriptani na zolmitriptani zilikaa juu ya dawa mpya. Sumatriptani ni ya mwaka 1991, na sasa kampuni nyingi zinaitengeneza kwa bei ya chini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, miaka 30 baada ya kuzaliwa. Mimi nilisherehekea kwa kunywa soda peke yangu.

Basi gepanti, yaani ukoo wa hiyo rimegepanti, zina faida gani? Triptani hubana mishipa ya damu. Aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa, haruhusiwi kuzigusa. Gepanti hazibani. Halafu hazionekani kuleta kile kichwa cha kuzidisha dawa, ndiyo maana rimegepanti mwaka 2021 iliruhusiwa Marekani itumike hata kwa kuzuia, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kwa watu wa aina hizo mbili kupungua kwa nguvu si hoja. Kwa wengine wote, kulipia zaidi ili upate pungufu ni biashara ya ajabu. Ipo pia lasmiditani, ya mwaka 2019, isiyobana mishipa, lakini ukiimeza huruhusiwi kuendesha chombo kwa saa 8. Jaribu kumweleza hilo dereva wa bodaboda.

Makosa mengi ninayoyaona ni ya muda, wala si ya dawa. Kipandauso kikishapanda sawasawa, tumbo husimama kazi. Kidonge kinakaa huko kama mzigo bandarini siku ya mgomo. Aliyemeza dakika ya kwanza na aliyevumilia mpaka saa sita mchana wanaweza kumeza kidonge kilekile, mmoja akasifu na mwingine akatukana. Anayetapika aongezewe metoklopramidi. Ibuprofeni kamili, mapema, pamoja na hiyo metoklopramidi, imewatosha wateja wangu wengi waliokuja wakitafuta kitu cha ajabu.

Dawa moja ya rafuni siitetei: ergotamini, ile inayouzwa ikiwa imechanganywa na kafeini. Ni mzee wa ukoo. Arthur Stoll aliitenga mwaka 1918 huko Basel, Uswisi, kutoka kwa kuvu anayeota kwenye masuke ya nafaka za Ulaya, na kwa miongo mingi hapakuwa na nyingine. Inabana mishipa kwa nguvu na kwa muda mrefu. Ikikutana na ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mstari wa pili za VVU, au na antibayotiki kama klarithromisini na erithromisini, ini linashindwa kuiondoa, inarundikana, na vidole vya mikono na miguu vinaweza kukosa damu mpaka vife. Mtu akiitaja dirishani siwezi kumuuliza kwa sauti kama anatumia dawa za VVU, nyuma yake kuna foleni ya watu wa mtaa mmoja. Nina kikaratasi nimekiandika swali hilo kwa kalamu ya wino, nimekiwekea plastiki. Nakisukuma juu ya kaunta kikiwa kimemwelekea yeye, namwambia, "Soma hapo, kisha ukirudishe." Wapo waliokirudisha bila neno, wakasema, "Nipe nyingine tu."

Kukizuia: hapa ndipo mstari wa katikati ulipo

Anayepata kipandauso siku 4 au zaidi kwa mwezi, au siku chache lakini za kumlaza, ndiye wa kufikiria dawa ya kuzuia. Upande wa kushoto wa daftari langu una propranololi, amitriptilini, topiramati na valproati. Ukizitazama vizuri, zote ni za kuazima. Propranololi ni ya moyo. Mwaka 1966 mgonjwa mwenye maumivu ya kifua aliyepewa kwa ajili ya moyo akaonekana kichwa chake nacho kimetulia, na hivyo ndivyo ilivyoingia kwenye ukoo wetu. Amitriptilini ni ya sonona, topiramati na valproati ni za kifafa. Kila moja ilikuja na maudhi ya kazi yake ya kwanza.

Upande wa kulia ni dawa zilizotafutwa kwa ajili ya kipandauso chenyewe, na safari yake inaeleza kwa nini zina bei ile. Mwaka 1990 Peter Goadsby wa Australia na Lars Edvinsson wa Sweden walionyesha kwamba kipandauso kikiwa kimepanda, damu inayoshuka kwenye mshipa wa shingo ina wingi wa kijiprotini kiitwacho CGRP, ambacho neva za uso na kichwa hukimwaga. Mwaka 2002 kundi la Jes Olesen huko Copenhagen likawachoma wagonjwa CGRP na wengi wao kichwa kikaanza. Kumbe haikuwa moshi tu, ilikuwa kuni. Mwaka 2004 dawa ya kwanza ya kuizuia, olsegepanti, ikafanya kazi, lakini ilipaswa kupitia mshipani. Ikafuata telkagepanti ya kumeza. Nayo ilifanya kazi, ila vimeng'enya vya ini vikapanda kwa baadhi ya watu na kampuni ikaitupa mwaka 2011. Ndipo wengine wakageukia kingamwili: molekuli kubwa ambazo ini halihangaiki nazo, lakini kwa ukubwa wao haziwezi kumezwa, zingesagwa tumboni. Ndiyo asili ya sindano. Erenumabu, yaani Aimovig, iliidhinishwa Marekani Mei 2018, fremanezumabu na galkanezumabu Septemba mwaka huohuo, eptinezumabu ya kutundikiwa kila miezi mitatu Februari 2020. Goadsby, Edvinsson, Olesen na Michael Moskowitz wa Marekani walipewa Tuzo ya Ubongo ya Denmark mwaka 2021. Toka mshipa wa shingo hadi sindano ya dukani ni miaka 28.

Baada ya miaka yote hiyo ungetarajia muujiza. Katika jaribio moja kubwa la erenumabu, watu 955 waliokuwa na wastani wa siku 8.3 za kipandauso kwa mwezi, waliochomwa maji matupu walipungukiwa siku 1.8. Waliochomwa miligramu 70 walipungukiwa siku 3.2, waliochomwa 140 siku 3.7. Wale waliopungukiwa nusu au zaidi ya siku zao walikuwa 43 hadi 50 kwa kila 100, dhidi ya 27 wa sindano tupu. Ni kitu kizuri sana kwa aliyepata. Lakini nusu ya watu hawakufika huko, na nilipomweleza hivi mtoto wa dada yangu alinyamaza kidogo, kwa sababu yeye yumo katika nusu ile nyingine na alidhani wote ni hivyo.

Jaribio lililonigusa zaidi ni la Ujerumani, lililowaweka watu 777 ama kwenye erenumabu ama kwenye topiramati. Walioacha dawa kwa sababu ya maudhi walikuwa 39 kwa kila 100 upande wa topiramati, na 11 tu upande wa sindano. Waliopungukiwa nusu au zaidi ya siku zao za kichwa walikuwa 31 dhidi ya 55. Soma namba zile mbili za kwanza tena. Sindano ilishinda kwa kuvumilika. Dawa isiyovumilika haizuii chochote, iko kwenye droo.

Naijua droo hiyo. Miaka michache nyuma daktari aliniandikia topiramati. Vidole vilichomachoma kama nimelalia mkono, soda ikapoteza ladha, nikapungua kilo ambazo sikulalamikia. Lililonitisha lilitokea kaunta. Namweleza mama mmoja kipimo cha dawa ya kikohozi ya mtoto, nimeshika kile kidude cha plastiki mkononi, na neno "kijiko" halikuja. Nimekishika, nakiona, jina limetoweka. Yule mama akanisaidia: "Kijiko?" Tulicheka wote wawili, mimi kwa uoga. Wiki hiyo daktari alianza kunipunguzia hadi kuacha.

Kwa hiyo kama kushindana ni topiramati na sindano, na fedha si tatizo, sina maneno. Lakini kushoto kwa daftari kuna wengine. Propranololi, kwa asiye na pumu na ambaye mapigo yake si ya chini, ni dawa ya heshima. Mikono inaweza kuwa baridi, mwili kuchoka, wengine wanaota ndoto mbaya. Mwenye pumu asiiguse hata kama jirani yake imemponya. Na anayeitumia asiikate ghafla. Akimeza rizatriptani juu yake, kipimo cha rizatriptani kipunguzwe, kwa sababu propranololi huiongeza damuni. Amitriptilini ya miligramu 10 au 25 usiku namtetea nayo mtu asiyelala, mwenye kichwa na mabega yaliyokaza. Atakauka mdomo, na uzito unaweza kupanda.

Valproati kwa mwanamke anayeweza kushika mimba: hapana. Inaharibu mtoto tumboni, mwili na akili, na kipandauso si sababu ya kuhatarisha hivyo. Topiramati nayo ina hatari hiyo kwa mimba, na juu yake kwa vipimo vikubwa inadhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo inakupiga pande mbili. Na kwa kuwa tumegusa vidonge hivyo: mwanamke anayeona vimeta kabla ya kichwa asitumie vyenye estrojeni, hatari ya kiharusi inapanda. Hili naona linasahaulika kliniki hadi kliniki. Sindano za CGRP pia hazishauriwi kwa mimba, na zinakaa mwilini muda mrefu, hivyo anayepanga kupata mtoto huambiwa aziache miezi kama mitano kabla.

Maudhi yake mengine ni madogo kwa wengi: panapochomwa panauma au pakawa pekundu, na erenumabu hasa inafunga choo, mara nyingine vibaya, na inaweza kupandisha presha. Lakini kuna sifa moja ya kingamwili ambayo hapa kwetu ingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa. Kwa kuwa hazipiti kwenye vimeng'enya vya ini, hazigombani na dawa za VVU wala za kifua kikuu. Vidonge vya gepanti ni tofauti: rifampisini inavimaliza nguvu, na dawa zenye ritonaviri zinaviongeza kupita kiasi. Mtu aliye kwenye dawa za TB akiniuliza kati ya gepanti na sindano, jibu ninalo.

Friji, na mwezi wa saba

Kingamwili hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Nje ya friji zinavumilia siku chache tu, na zikiganda zimekufa. Dubai hadi Dar es Salaam kwa ndege, Dar hadi Tanga kwa basi la mchana, kibegi cha barafu kimewekwa chini ya miguu ya abiria. Barafu ikigusa sindano, inaganda upande huo. Ikayeyuka mapema, inapika upande mwingine. Kisha friji yangu ya dukani, ambayo umeme ukikatika saa nne usiku naamshwa na mlinzi nihamishe insulini. Ninayafanya haya kwa insulini kwa sababu bila hiyo mtu anakufa. Kwa kichwa changu nafsi ilisita.

Lakini friji ingeweza kupatiwa ufumbuzi. Kilichonizuia ni hesabu ya "mbili tatu". Dawa yoyote ya kuzuia, ya kushoto au ya kulia, haihukumiwi kabla ya miezi miwili hadi mitatu. Sindano tatu zingenifikisha pale pa kujua kama mimi ni wa nusu ile nzuri. Nikijua ni wa huko, ya nne nani analipa? Zilipotoka Marekani bei iliyoandikwa ilikuwa dola 575 kwa mwezi, dola 6,900 kwa mwaka. Hata ukipata kwa nusu, au robo, ni ada ya shule. Na ukiacha, kwa wengi kipandauso kinarudi polepole. Kuonjeshwa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha mwezi wa saba ulale tena gizani ukijua kuna kitu kinakusaidia na hukimudu, hilo ni teso lingine.

Machi 2024 chama cha Marekani cha wataalamu wa maumivu ya kichwa kilitamka kwamba dawa za CGRP ziwe miongoni mwa chaguo la kwanza la kuzuia, mgonjwa asilazimishwe kwanza kushindwa na zile za zamani. Kisayansi sina ugomvi nao. Ila orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina propranololi kwa kuzuia kipandauso, na kwa mfuko wa mteja wangu wa Ngamiani orodha hiyo ndiyo inayosema ukweli.

Kuna na sindano ya botulini, yaani Botox, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa wenye kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi: jumla ya uniti 155, sehemu 31 za kichwa na shingo, kila wiki 12. Inahitaji mkono uliofundishwa. Ukiwa huna daktari bingwa wa neva karibu, ruka.

Kichwa cha vishada: hapa msilinganishe na hayo mengine

Mwenye kipandauso analala. Mwenye kichwa cha vishada hawezi kukaa, anazunguka chumba, wengine wanajigonga ukutani. Ni nyuma ya jicho moja, jicho linatiririka machozi, pua upande huohuo inavuja, dakika 15 hadi 180, mara nyingi saa ileile ya usiku, wiki kadhaa mfululizo kisha kinapotea kwa miezi. Mpe huyu parasetamoli umemtukana.

Dawa yake bora ya kuzima iko kwenye hospitali nyingi, na haitoki kiwandani mwa vidonge. Ni oksijeni safi, lita 12 au zaidi kwa dakika, kwa barakoa yenye mfuko, dakika 15. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilipata mashambulio 78 kwa kila 100 yaliyotulia, dhidi ya 20 kwa hewa ya kawaida. Baada ya UVIKO-19 hospitali nyingi zina mitungi na mitambo ya oksijeni kuliko zamani. Kazi ni kumshawishi mhudumu wa zamu ya usiku kwamba mtu anayetembea na kupumua vizuri anaistahili, na hilo huwa rahisi ukiwa na barua ya daktari mfukoni. Ya pili ni sumatriptani ya kuchoma. Vidonge vinachelewa, shambulio linaisha kabla havijafika.

Kuzuia ni verapamili, na moyo upimwe kwa mashine kila kipimo kinapopandishwa. Upande mpya, galkanezumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa vishada vya msimu: katika wiki tatu za kwanza mashambulio yalipungua 8.7 kwa wiki dhidi ya 5.2 kwa sindano tupu. Ulaya ilizitazama data hizohizo mwaka 2020, ikakataa. Hapa mtungi wa oksijeni unashinda bila ubishi wangu.

Zinazokuja

Wale ambao CGRP haikuwafaa wanaangaliwa kwa njia nyingine, kijiprotini kiitwacho PACAP. Kizuizi cha kipokezi chake, yaani pale kinapojishikiza, kilijaribiwa kikashindwa. Kisha mwaka 2024 yakachapishwa matokeo ya kingamwili inayokamata PACAP yenyewe, kwa watu ambao dawa mbili hadi nne za kuzuia zilikuwa zimewashinda. Siku zao zilipungua 6.2 kwa mwezi, na za waliopewa maji matupu 4.2. Ni hatua ya pili tu ya majaribio. Ukitaka kujua kwa nini siamini ushuhuda wa mitandaoni, tazama hiyo 4.2: watu wagumu kutibika, wametundikiwa maji, wamepata nafuu ya siku nne.

Nilichochagua

Katika kuandika daftari hili niligundua jambo la aibu. Propranololi, ambayo kwa miaka nilikuwa nasema "nimeshaijaribu, haikunifaa", niliijaribu kwa wiki tatu, miligramu 20 mara mbili kwa siku. Hicho si kipimo cha kuzuia kipandauso, kwa kawaida ni miligramu 80 hadi 160 kwa siku, na wiki tatu si muda. Wateja wangu wengi wanaosema dawa za zamani zimewashinda, nikiwauliza kipimo na muda, wana hadithi kama yangu. Nilirudi kwa daktari, akapima mapigo na presha, akanianzisha upya na kupandisha taratibu.

Nikampigia Dubai. Nikamwambia yeye asiache yake, bima ikiwa inalipa na choo kikiwa kinaenda, aendelee. Mimi asiniletee. Ila kama mfamasia wa huko atamuuzia sumatriptani ya sindano kwa cheti cha daktari wangu, hiyo haihitaji friji, na nitaichoma mara chache kwa mwaka, kwa zile siku za kutapika.

"Basi mama mdogo nikuletee nini kingine?"

Alikuja Desemba na kilo mbili za tende na miwani myeusi mikubwa inayonifanya nionekane mjane wa tajiri. Naivaa dukani saa za mchana, jua linapopiga bati la jirani. Kwenye kalenda ya ukutani nyuma ya kaunta siku za kichwa nazizungushia wino mwekundu: Oktoba zilikuwa 9, Novemba 8, Desemba 8 na nilishakaribia kukata tamaa, Januari 5, Februari 4. Machi imefika tarehe 17, na nyekundu ni mbili.